Sofa ya Madam Imeniletea Wafuasi, Haijaniletea Wateja

Mpendwa Mama Danson,

Pokea salamu zangu kutoka Jeddah, huku Al-Safa, na natumai wewe na wa kwako huko Riyadh hamjambo. Naomba msaada wako kwa sababu nimekwama, na kila ninayemuuliza ananiambia niongeze video, na mimi nahisi hizo video ndizo zimenikwamisha.

Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, kwa madam ambaye siwezi kusema ni mbaya, mshahara unaingia, ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko sawa, simu hajawahi kuninyang'anya, na mwaka jana mimi na dada yangu Maureen tulifungua kiduka cha manukato kwetu Mumias, tunauza udi, vyetezo na mafuta ya kunukia, mimi nanunua huku napeleka kwa kago, yeye anauza, na kwa kuwa Mumias kuna Waislamu wengi na harusi haziishi tulijua hatuwezi kukosa wateja. Mwanzo nilikuwa napiga picha ya pakiti ya udi juu ya ubao wa kupigia pasi, kwenye kachumba kangu kando ya mashine ya kufulia, na waliokuwa wanatazama ni watu wachache tu, tena wengine wa familia. Ndipo nikajiunga na kikundi cha WhatsApp cha Dancan, Mkenya mwenzetu, ni dereva huko Riyadh na anafundisha watu kukuza biashara mtandaoni, akanitumia sauti akisema, "Sister, hakuna mtu ananunua udi. Watu wananunua maisha. Waonyeshe maisha."

Sasa maisha ningeyatoa wapi, Mama Danson, kama si kwenye sebule ya wageni? Ijumaa moja familia yote ikaenda kwa nyanya yao mtaa wa Al-Rawdah kula chakula cha mchana, nikavaa abaya yangu nzuri, nikawasha chetezo, nikaketi kwenye ile sofa ya madam ya rangi ya dhahabu ambayo tangu nije nchi hii sijawahi kuikalia, nikaegemeza simu kwenye rafu, nikasema, "Karibuni kwangu." Nilisema kwangu. Video ikasambaa hadi nikaogopa, wafuasi wakawa elfu kadhaa, Dancan akanitolea mfano kwenye kikundi, nikafanya nyingine na nyingine kila Ijumaa wakitoka, na sasa wananiita Bosi Lady wa Jeddah.

Lakini udi hauendi. Maureen ananiambia, "Simu inalia siku nzima na hakuna anayeuliza udi. Wanauliza kama huko kuna kazi." Na hao wachache walionunua, kuna waliorudisha wakisema unanuka moshi tu na macho yanawawasha. Tena kuna jambo lingine dogo, binti ya mjomba wangu anaitwa Emmah, alikuwa anasomea uuguzi na amebakisha muhula mmoja, sasa ameacha chuo, ameenda kwa ajenti, amepimwa hospitali na anangoja viza aje kufanya kazi za nyumbani kama mimi. Aliandika chini ya video yangu ya mwisho, mbele ya watu wote, "Cuzo, niwekee nafasi kwa hiyo sofa, nakuja." Mimi nikacheka, nikamwekea alama ya moyo. Mjomba naye amenipigia kunishukuru kwamba nimemfungulia mtoto macho. Nilimuuliza Dancan kama nimwambie Emmah ukweli, akasema nisiharibu jina nililojenga.

Swali langu ni hili, nifanye nini hawa wafuasi wageuke wateja? Na kuhusu Emmah, niseme ama ninyamaze?

Ni mimi Zipporah, Jeddah.

*

Zipporah,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini. Unasema "kuna jambo lingine dogo," halafu unaniletea msichana aliyeacha uuguzi akiwa amebakisha muhula mmoja. Hilo ndilo jambo lenyewe, na unalijua, ndiyo maana ulilifunika kwa udi na moshi. Tutaanza na Emmah. Udi utangoja.

Kwanza, pole. Najua kuishi nyumbani kwa watu kulivyo, na najua hamu ya kukalia kiti unachokipangusa kila siku. Kukikalia si dhambi. Lakini ulipotazama kamera ukasema "kwangu," uliacha kuuza udi ukaanza kutangaza kazi za Saudia. Watu wakaona tangazo, wakaitikia. Unashangaa nini Maureen akipigiwa simu za kazi? Ajenti gani amewahi kupata tangazo zuri namna hiyo, tena bure?

Basi mpigie Emmah leo. Usimwandikie, usimtumie sauti. Piga simu ya video ukiwa kwenye hicho kichumba chako, aone ubao wa pasi, aione mashine ya kufulia ikizunguka nyuma yako. Mweleze siku yako tangu unapoamka, na usiiruke Ramadhani, wakati nyumba inapolala asubuhi na wewe unaanza kufikiria sambusa za jioni. Mwambie na mazuri pia, maana yapo: mshahara unaingia, madam hakutesi. Sitaki umtishe. Mimi mwenyewe nimekuwa huku miaka na sijutii, na nawajua wanawake waliojenga nyumba kwa kazi hii. Ila walikuja wakijua wanakuja kufua.

Mwambie pia arudi chuoni amalize muhula wake. Muuguzi mwenye cheti na uzoefu akitaka kuja nchi hii huingia kwa mlango mwingine na mkataba mwingine. Akisikia yote hayo na bado akataka kuja hivi alivyo, ni mtu mzima, utampokea. Lakini lazima aamue akiwa amesikia. Na mjomba mpigie wewe mwenyewe siku hiyo hiyo. Alikushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya, na ukiacha alisikie kwa Emmah hatakusamehe upesi.

Pili, futa zile video. Usizifiche, zifute. Zipporah, umekaa nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba ndani ya nyumba ya mtu hakupigwi picha bila ruhusa, na jambo kama hilo linaweza kufika polisi. Watoto wa madam wana simu kama wewe. Siku mmoja wao atakapoiona sofa ya mama yake na mtu anasema "karibuni kwangu," utajibu nini? Una madam asiyekunyang'anya simu, na unaitumia kumweka uchi mtandaoni. Hapo nimekasirika, nikuambie wazi.

Utasema wafuasi watakimbia. Waache wakimbie. Mtu wa Machakos anayetafuta kazi Jeddah hatanunua udi Mumias hata ukimwimbia. Dancan naye simlaumu sana, huku Riyadh wamejaa, kila dereva aliyefunga kishikio cha simu kwenye dashibodi siku hizi ni mwalimu wa biashara. Muulize yeye anauza nini. Anauza masomo, na wewe ndiye mfano anaouzia.

Sasa udi. Hao waliorudisha mzigo ndio watu wa kwanza waliokuambia kitu cha maana, na hukuwasikiliza. Unanuka moshi kwa sababu wanautupia kwenye makaa yanayowaka moto, tena kipande kikubwa. Wageni wa madam wakimaliza kahawa, ni nani anayeleta chetezo? Ni wewe. Unajua kungoja makaa yashike jivu, unajua kuweka kipande kidogo, unajua kufukiza nguo isiungue. Mfundishe Maureen kwa simu mpaka aweze, naye apige video pale mlangoni pa duka, mchana, mwanga ukiwa wa kutosha. Mikono yake na chetezo vinatosha. Mteja akikubali kuonekana, sawa, asipokubali msimpige picha.

Na wekeni bei. Huo mchezo wa "bei njoo inbox" uacheni kabisa, mama wa Mumias akiona bei imefichwa anajua anangojewa akamuliwe. Andikeni duka liko karibu na nini, linafungwa saa ngapi, na namba ya simu. Mtu akiuliza asubuhi ajibiwe asubuhi. Wapambaji wa maharusi, Mumias hadi Butere, wapeni udi kidogo wakajaribu kwa bibi harusi mmoja, halafu mngoje. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hata hicho kizuri kinahitaji namba ya simu. Mkipata wateja wachache wanaorudi, hao ni bora kuliko elfu wanaokuita Bosi Lady.

Jina hilo nalo libadilishe liwe jina la duka. Kisha andika pale juu ya ukurasa wako, kwa maneno ya kawaida: mimi ni mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, dada yangu anauza Mumias, kazi hatutoi. Watakaobaki baada ya hapo ndio wako.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo ni simu ya Emmah. Najua utaanza kwa kuuliza habari za nyumbani na mvua na mahindi, na yeye atakusikiliza kwa heshima, halafu atakuuliza, "Cuzo, kwani ile sofa ni ya nani?" Hapo usizunguke. Mwambie, "Ni ya madam. Mimi huipangusa." Ukiweza kulisema bila kulia, vizuri. Ukilia, liseme hivyo hivyo, na usikate simu.

Mama Danson, Riyadh.