Leo Nilikuwa Mkia

Jumapili usiku

Na bado naisikia sauti yangu mwenyewe: "Huyu? Simjui."

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuwa mkia. Katika kikundi chetu cha kuendesha skuta kila Jumapili, mkia huvaa rifleta, kizibao cha kung'aa cha rangi ya machungwa, huenda wa mwisho, na hamwachi mtu njiani. Vijana, ambao huniita Mathe, yaani mama, walinivisha wakicheka, "Mathe hawezi kutuacha."

Tulipofika stendi ya Kongo, skuta ya Atieno, msichana wa kikundi chetu, ikazima. Wenzetu walikuwa wameshatangulia. Tukiwa tumeinama tukiangalia plagi, nikasikia, "Mama Mwende! Ni wewe na suruali?"

Alikuwa Mama Mutua, tunayeomba naye kanisani kila Alhamisi. "Kumbe siku hizi unazurura na hawa wahuni wa skuta?"

Nikavua rifleta. Nikamwambia simjui huyu msichana, na skuta yangu ni ya kubebea chapati zangu za kuuza tu. Halafu nikaiwasha, nikaenda. Atieno alikuwa amechuchumaa hapo hapo, anasikia yote.

Niliwakuta wenzetu Nyayo Highrise, tunapomalizia safari; Atieno alifika jioni, anaisukuma skuta yake, viatu vumbi tupu. Kiongozi wetu akauliza kwa ukali, "Na mkia alikuwa wapi?"

Atieno hakuniangalia. "Tulikuwa na Mathe. Mimi ndiye niliyemwambia atangulie."

Kisha, kama kila Jumapili, wakavua helmeti ili nifunge kwa maombi. Ee Mungu wangu, sikupata hata neno moja. Tukasimama hivyo, vichwa vimeinama, mpaka Atieno akasema amina.