Jani la Isale na Nyundo ya Babu

Jumatatu, 3 Juni

Wageni wanne. Wawili Waholanzi, wawili wa Mwanza. Stesheni saa tatu, maduka ya zamani ya Wahindi saa nne, kahawa kwa Mama Happy Majengo saa tano. Ukungu tangu Ijumaa. Wanauliza mlima uko wapi, kama vile nimeuficha mimi.

Stesheni niliwasimulia habari ya Babu, kama ninavyosimulia miaka kumi na moja sasa. Babu Ndetaulo alikuwa mpiga kengele hapo enzi za Mwingereza. Kengele yenyewe kipande cha reli kimening'inizwa. Anakigonga kwa nyundo, treni inaondoka. Siku moja akamwona mama anakuja mbio kutoka upande wa mlimani, mtoto mgonjwa mgongoni. Babu akakataa kugonga. Mzungu wa stesheni akafoka, akatukana. Babu akasimama tu, nyundo mkononi, mpaka yule mama akapanda. Ndipo akagonga. Kazi ikaishia palepale. Akapanda kwa miguu mpaka nyumbani Old Moshi, nyundo ndani ya koti.

Hapo huwa naitoa nyundo kwenye mkoba, wageni wanaishika.

Leo nimeitoa, yule mama wa Mwanza akacheka. Alipita hapo jana jioni akaona kijana mwenye kofia nyekundu anaongoza watu. Naye ana nyundo. Nayo ni ya babu yake. Na babu yake naye alikataa kupiga kengele.

Kofia nyekundu ni Godlisten. Hakuna mwingine.

Jumatano, 5 Juni

Nimemfundisha mimi. Niandike ili nisisahau nilivyokuwa mjinga. Alikuja kutoka Dar na begi moja, Mchagga wa Kibosho kwa jina tu, Kichagga chake kinatosha kuagizia mbege, pombe yetu ya ndizi. Miaka miwili alitembea nyuma yangu. Nilimwonyesha duka lipi lina mwaka juu ya mlango, fundi yupi anashonea cherehani ya mama yake, njia ipi ya kupanda mpaka kwenye boma la Mjerumani bila kuwachosha wazee. Nilimweleza mji ulivyokuwa juu kwanza, kisha reli ikafika huku chini na mji ukaifuata. Mwaka jana akasema anaanza matembezi yake mwenyewe. Nikamwambia Mungu akubariki. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa.

Leo nimemfuata. Nimejitanda kanga, nikasimama nyuma ya muuza mitumba karibu na stesheni, nashika suruali moja nusu saa nzima. Nimesikia yote. "Babu yangu mzaa baba." Mkono kifuani. Na mwishoni akasema, "Alipoteza kazi, hakupoteza mkono."

Hilo ni neno langu! Nililitunga jikoni kwangu nikimenya ndizi.

Mgeni mmoja alifuta machozi. Nilitaka kumrukia Godi nimvue ile kofia. Muuza mitumba akaniuliza kama suruali nachukua. Nikaichukua. Hainitoshi.

Alhamisi, 6 Juni

Nyundo yake nimejua ilikotoka. Fundi wa vyuma Majengo aliitengeneza mwezi wa tatu, akailaza kwenye chumvi na ndimu siku nne ishike kutu. Alinieleza mwenyewe, anajisifu. Nikamsifu. Kazi nzuri kweli. Inaonekana kuukuu kuliko ya Babu, maana ya Babu haina kutu. Bibi alikuwa akiipaka mafuta ya ng'ombe kila Krismasi.

Sijala usiku huu.

Jumamosi, 8 Juni

Simu kutoka Dar. Wanaotengeneza kitabu cha wasafiri wanakuja Moshi wiki ijayo, watu watatu. Wanataka orodha ya mambo ya kufanya kwa mgeni mwenye siku mbili tu mjini: wapi pa kutembea, nani wa kutembea naye, habari gani ya kusikiliza. Ijumaa watatembea na mimi. Jumamosi na Godlisten. Habari ya stesheni wanaitaka, wameshaiona kwenye simu zao. Kwake.

Nimekaa nikawaza. Ikichapishwa kwa jina lake, basi. Babu Ndetaulo atakuwa babu wa mtu wa Kibosho. Wajukuu wangu watasoma hivyo. Kilichoandikwa kitabuni nani atabishana nacho? Mwanamke wa Old Moshi mwenye mkoba?

Nikiwaambia ni mwizi, wataona wivu wa kazi. Yeye ana nyundo, mimi nina nyundo. Yake ina kutu.

Jumapili, 9 Juni

Mchungaji amehubiri kusameheana. Nimekaa benchi la tatu napanga kisasi. Nimeimba sauti ya pili vizuri tu.

Baada ya ibada nimepita kwa Mzee Ndelamio, mtoto wa mdogo wake Babu. Ndiye anayekaa kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, karibu na boma, na wageni wote, wangu na wa Godi, humalizia matembezi uani kwake na kibuyu cha mbege. Mzee masikio mazito, ndiyo maana hajawahi kusikia Godi anasimulia nini. Nikaenda kusimama kwenye kaburi la Babu. Masale, mimea yetu ya mipaka na makaburi, yamelizunguka, yamekua marefu, kijani kibichi. Nikashika jani moja. Wazo likaja lenyewe.

Huku kwetu ukimkosea mtu kosa zito, huendi na maneno. Unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Maana yake ni moja: nimekukosea, nisamehe. Mtoto wa darasa la pili anajua. Godi hajui. Nilimfundisha majumba, sikumfundisha majani.

Jumanne, 11 Juni

Nimemaliza. Nilikwenda kwa Mama Happy saa tisa, hana wateja. Mama Happy ni mtu wa Lushoto, habari za isale hazimhusu, na siri kwake ni maji kwenye tenga. Nikamwambia kwa sauti ya chini: siku ya wageni wa kitabu nina jambo langu la heshima. Zamani mgeni akifika Old Moshi, mwenye kumwongoza anatoa jani la isale lenye fundo, kwa mikono miwili, kabla ya kusema lolote. Wazee wakiliona wanafurahi mpaka wanalia. Nikamwapisha asimwambie Godi.

Kahawa yake leo ilikuwa tamu sana.

Jumatano, 12 Juni

Godi ameulizia Majengo nzima masale yanapatikana wapi. Hakuchukua hata siku mbili.

Naijua Jumamosi itakavyokuwa. Ataingia uani mbele ya wageni watatu na wazee wa ukoo. Atampa Mzee jani. Mzee atauliza, umetukosea nini? Godi atabaki mdomo wazi. Ndipo nitasimama mimi kwenye migomba nijibu kwa niaba yake, moja baada ya jingine: babu, nyundo, chumvi, ndimu. Atakuwa amekiri kwa mikono yake miwili.

Na msamaha? Jani la mtu asiyejua alichoshika si jani. Ni majani tu ya ng'ombe.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetembea nao. Stesheni, maduka, Majengo, kahawa, kisha juu kwenye boma na kanisa la zamani. Watu wa adabu. Mkubwa wao, dada mmoja, ndiye mwandishi, anaandika na penseli. Nilipotoa nyundo aliishika, akanirudishia upesi. Akauliza kwa upole kama hii habari ni ya watu wengi hapa Moshi.

Nikamwambia kesho utajua ni ya nani. Nilitabasamu.

Usingizi mzuri utakuja leo. Nauona unakuja.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike pole pole.

Nilifika kwa Mzee saa nane, nikakaa na wanawake upande wa migomba. Wazee watano wa ukoo walikuwepo, nimewaita mimi, nimewaambia kuna wageni wa kitabu. Saa nane na nusu Godi akaingia na watu watatu nyuma yake. Kofia ameivua. Mkononi isale, fundo limefungwa vibaya, kama kamba ya kiatu. Nilijaa furaha. Ndiyo, furaha. Sitajidanganya humu.

Akamwamkia Mzee shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, ameshaliona jani, ameshaanza kukunja uso. Nikajiweka sawa kusimama.

Godi akampita Mzee.

Akawapita wazee wote watano. Akaja kwenye migomba. Akapiga goti mbele yangu, mikono miwili, jani juu.

Mzee Ndelamio akainuka na fimbo yake akaja, akauliza kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia, "Wewe kijana, umemkosea nini mtoto wetu?"

Niliyasubiri maneno hayo siku nne. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Godi akanitangulia. Akajibu kwa sauti kubwa ili Mzee asikie, maana yake na wazee wote, na wageni wote.

"Nimemwibia babu yake, mzee. Ndetaulo si babu yangu. Babu yangu alikuwa anauza ndizi Kibosho. Nilisimulia kwa sababu watu walikuwa wanalia, nikapenda wanavyolia."

Penseli ya yule dada ilisimama, kisha ikaanza kukimbia.

Kila nilichokitaka nimekipata. Nimekaa pale na hasira yangu nzima mapajani, sijui niipeleke wapi. Sikutaka kulipokea. Niandike hivyo. Nilitaka aendelee kupiga goti mpaka jioni. Lakini isale halikataliwi. Hata aliyemwagiwa damu ya nduguye hupokea. Mzee ananitazama, wazee wananitazama, Babu amelala hatua kumi kutoka pale chini ya masale yaleyale.

Nikalipokea.

Mzee akasema basi, yamekwisha, leteni mbege. Mimi nilikunywa mbili haraka haraka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia na viatu.

Jumapili, 16 Juni

Godi amekuja nyumbani mchana, ameleta ile nyundo ya ndimu. Nimemkaribisha chai kwa sababu nimelelewa. Nilimkazia macho. Nilitaka kujua ni nani aliyemfundisha maana ya jani.

Bibi yake wa Kibosho. Godi alimpigia simu Jumanne usiku kumuuliza fundo linafungwaje. Bibi akamwambia hakuna makaribisho kama hayo duniani, isale ni la kuombea msamaha, nani kakuambia? Godi akamtaja Mama Happy, na kwamba Mama Happy alinitaja mimi. Bibi akamuuliza amenifanya nini. Akamweleza. Bibi akasema huyo dada anakupa njia, mwanangu. Ipite kabla haijafungwa.

"Na mimi nikajua ni kweli," Godi akasema. "Mama Happy hajawahi kutunza siri, na unamjua kuliko mimi. Nikajua umelituma kwangu. Asante, dada Ndeshi. Mimi nisingekuwa na moyo huo."

Nikamwongezea chai. Nikamwambia asile kitafunwa kile, kimelala. Nikamwacha aamini hivyo.

Alipoondoka nilikaa mpaka chai ikaganda utando.

Alhamisi, 20 Juni

Wageni wawili wa Arusha. Godi alinipungia mkono ng'ambo ya barabara, kichwa wazi. Mama Happy anasimulia Majengo yote nilivyo na roho ya malaika. Kahawa yake leo ilikuwa chungu.

Jumatatu, 24 Juni

Mlima umefunguka leo, mweupe mpaka mabegani. Hakuna wageni.

Wa Dar wametuma ukurasa wao niusome kabla ya kuchapwa. Stesheni ya zamani, asubuhi, na Ndeshi. Mjukuu wa Ndetaulo, mpiga kengele. Maduka na Majengo, mchana, na Godlisten. Jina la Babu limeandikwa sawasawa. Nimelisoma mara tatu.

Jani la Godi limekauka msumarini, chini ya nyundo. Fundo lake baya bado limeshika.

Jioni nimetoka na kisu nyuma ya nyumba. Nimekata isale moja, bichi. Nimelifunga fundo, vizuri, kama nilivyofundishwa. Nimeliweka mezani kwenye kikombe cha maji.

Kibosho si mbali. Nitaanza na bibi yake.