Boti Iliyovuja Rumonge

Amahoro, mjukuu wangu Zuhura. Sisi huku Rumonge tuko wazima, mguu wa mama yako umepona, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wamejaa mpaka tunawagawia majirani.

Umeniuliza kama uiache hiyo kazi ya ofisini Usumbura, maana miaka minne uko palepale. Ngoja nikusimulie.

Enzi za Wajerumani nilikuwa najifunza kuunda maboti kwa Fundi Hamisi. Mwaka wa tatu mbao zangu bado zilikatika upande, na waliokuja nyuma yangu walishanipita. Siku moja nikaamua kufuata, kama mpagazi, msafara wa Wajerumani uliokuwa uondoke kesho yake.

Siku hiyo tulishusha boti mpya majini, ikavuja. Mafundi walitafuta tundu wasilione. Niliingia, nikapapasa mbao polepole kwa kiganja, nikasema, "Ni hapa." Nikaziba kwa pamba na mawese, maji yakakoma.

Fundi Hamisi akaniuliza, "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Huwa naziba boti zile kuukuu mkienda kula."

"Basi kuziba ndiyo kazi yako. Msumeno waachie wenzako."

Asubuhi msafara ulipita ukiimba. Niliusikia nikiwa ndani ya boti, mikono imejaa mawese, wala sikuinua kichwa.

Kuondoka au kubaki, mwanangu, sijui. Niandikie tu ni kitu gani unakifanya hapo bila kutumwa, hata kiwe kidogo. Barua zako huwa nazisoma mara mbili.

Babu yako akupendaye,
Mzee Saidi