Dada Flavia na Watoto wa India

Jumapili, 1 Juni 2025
Kanisani leo, hapa mtaani South End, Amerika, dada yangu Flavia kalia machozi ya kweli. Ndiye mwenyekiti wa mchango wa shule za watoto wa Kidaliti, tabaka la chini kabisa huko India. Wanakalishwa nyuma darasani, akasema, na walichogusa hakiguswi. Nikatoa noti kubwa kuliko niliyokusudia. Dada anajua kulia!

Nimekumbuka shule yetu ya kambini, Tanzania. Paa la turubai, vumbi jekundu, uji wa mahindi ya njano. Na Ferdinandi golini! Mpira wa mifuko ya plastiki, lakini kwake haupiti. Akishinda anabebwa mabegani mpaka bombani. Hapo anashushwa, anarudi mwisho wa foleni. Mtwa, mtoto wa wafinyanzi, watu ambao kwetu hatunywi nao chombo kimoja — Burundi yetu tulihama nayo nzima.

Jumatano, 4 Juni
Jovini, mwana wa Flavia, kapiga simu toka Columbus. Mjomba, nimepata mchumba. Angelika, anahudumia wazee. Nikauliza, binti wa nani? Wa Ferdinandi, wa Buffalo.

Yule golikipa! Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikamkumbuka mama yake Jovini, nikaacha.

Ijumaa, 6 Juni
Flavia kaja. Hakukaa.
— Sylveri, mimi niwe mkwe wa Watwa?
Nikauliza, na wale wa India?
— Wale ni watoto wa Mungu.
— Na hawa?
— Hawa nawajua!

India iko mbali vizuri.

Jumamosi, 14 Juni. Westerville, Ohio, ukumbini
Posa. Ferdinandi kanenepa. Kanikumbatia, kauliza kama penalti zangu bado zinapaa. Tumecheka kama tuko kambini. Kaleta chungu, kakifinyanga mwenyewe nyuma ya nyumba yake, karibu na Grant Street. Udongo wa Amerika una kiburi, anasema, ila ukibembelezwa unatii. Ndani Fanta badala ya pombe — tumeokoka.

Desturi yetu ni moja: wazazi wa pande zote wasipovuta kwa mirija chungu kimoja, hakuna ndoa. Mirija ikaletwa. Flavia akarudi nyuma.
— Samahanini, nimefunga. Nawaombea watoto wa India. Mpaka jua lizame.

Angelika akatazama chini. Jovini akawa mwekundu — sikujua sisi tunaweza!

Ferdinandi akafunika chungu kwa kitambaa, taratibu. Akavuta kiti, akaketi mbele ya dada.
— Kufunga ni jambo jema, mama Jovini. Tutakungoja.

Na watu wote wa Buffalo wakaketi.

Saa kumi sasa, naandika pembeni. Mwezi huu jua la Ohio linazama saa tatu usiku. Ferdinandi kavua koti, kalegeza tai. Flavia kanyanyuka mara moja, kachungulia dirishani, karudi. Kamnong'oneza mwanawe: ukumbi huu tumeukodi mpaka saa ngapi?

Jovini kajibu kwa sauti, wote tusikie:
— Mpaka usiku wa manane, mama.