Gari la Mjerumani

Shangazi Halszka mpendwa,

Plamu zimeiva, na mama bado anagombana na nyigu jikoni. Lile gari tulilonunua kwa Bwana Wacław, mchuuzi wa magari, ili mama afike hospitali ya Lublin kusafishwa damu kwa mashine, liliharibika giaboksi wiki ileile. Na basi la abiria halipiti tena kijijini kwetu.

Nilisoma sheria yote: muuzaji lazima alitengeneze bila malipo. Nikamwendea kifua mbele.

"Binti, kwani mimi ndiye muuzaji?" akacheka. "Soma mkataba. Aliyewauzia ni Mjerumani. Mfuate kwao!"

Ni kweli, shangazi. Baba alitia sahihi mkataba wenye jina la mwenye gari wa zamani huko Ujerumani, mtu tusiyemjua, kana kwamba ndiye aliyetuuzia, kama wafanyavyo wengi hapa ili Wacław na wenzake wakwepe kodi.

"Kila mtu hufanya hivyo, Bogna," baba ananiambia, bila kunitazama.

Haki ninayo, wa kumdai sina.

Leo ni siku ya mama ya hospitali. Ameshavaa koti, amesimama mlangoni na mkoba wake. Baba yumo garini. Injini inanguruma, gari halisogei, na hakuna anayethubutu kumwambia baba ashuke.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Bogna