Wale Dada wa Filamu Zako

Kwako Baba, mtafsiri wetu,

Wafu huwa tunawaombea, hatuwagombezi. Mimi leo nakugombeza. Na barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka: wajukuu wako, majirani wa mtaa wetu wa Rwambuzi, hata wale wazee wa ukoo waliokula chakula cha matanga yako huku wakijua walichokijua. Nyumbani kwetu mambo yamefichwa vya kutosha.

Unazikumbuka Jumamosi zetu. Ulikuwa ukirudi kutoka Nizi, ulikokuwa ukiwauzia wachimba dhahabu sabuni na mashuka, na mfukoni mwa koti lako hakukosekana CD mbili tatu za filamu. Faustin anakwenda kuwasha jenereta nyuma ya nyumba, mimi navuta mapazia, Mama anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, ungo wa karanga mapajani. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Sisi watoto wako wawili tulikuwa na Kifaransa cha shule tu. Wewe ulikuwa na Kiingereza ulichosema umekiokota Arua, Uganda, kwenye biashara, basi ukawa sauti ya kila mtu: ya mfalme, ya mchawi, ya mchungaji wa kanisa, ya mama mkwe mwenye roho mbaya. Mchawi akicheka, wewe unacheka kumpita. Hakuna aliyewahi kunifurahisha kama ulivyonifurahisha wewe jioni zile, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Filamu zako, Baba, zilikuwa na dada wengi. Mwanaume anatoka kazini, badala ya kwenda kwake anapitia kwa mwanamke mwenye nguo ya kumetameta, anampa zawadi, anamshika kiuno. Tunauliza ni nani yule. Wewe, bila hata kupepesa jicho: "Ule ni dada yake." Tukakubali. Tulichoshangaa ni jinsi wanaume wa huko wanavyopenda dada zao. Faustin alikuwa akinilaumu kwamba mimi sijui kazi ya udada, sijawahi kumpokea hata kwa chai, niwaangalie wenzangu wa kwenye filamu. Mke wa yule mwanaume akilia, ulisema anaumwa na tumbo. Akifunga sanduku lake, ulisema anakwenda kumsalimia mama yake. Mume akifoka na kunyoosha kidole, wewe ulilegeza sauti ukatuambia kwamba anamuomba mke wake msamaha.

Na kabla ya kuzima jenereta ilikuwa lazima kila mtu atoe maoni. Hiyo ilikuwa sheria yako na niliipenda. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba mchungaji alichelewa kufika, Faustin anaipa filamu maksi kama mwalimu, kisha zamu ya Mama. Maoni yake yalikuwa mafupi, na hayakufanana kabisa na filamu tuliyoiona. Ile ya sanduku, ambayo mke alikuwa anakwenda kwa mama yake, Mama alisema neno moja: "Amekawia." Tukaanguka kucheka. Amekawia vipi, na ndiyo kwanza ameondoka? Siku nyingine akasema, huku akibambua karanga, "Huyu dada, miye namuonaka mu kila filamu." Tukamweleza kwa huruma kwamba hao ni waigizaji tofauti, aangalie sura vizuri. Wewe ulicheka mpaka ukafuta machozi, ukatuambia, "Mama yenu hasikiake filamu."

Hasikiake, yaani haelewi. Neno hilo likahamia kwetu moja kwa moja. Faustin akikosea hesabu, nasema mwacheni, anasikia hesabu kama Mama anavyosikia filamu. Wageni wakija kutazama, tunawaonya mapema wasishangae maoni ya Mama. Yeye alikuwa anainuka polepole na ungo wake, anakwenda kupepeta karanga uani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata.

Likizo hii mwanangu Neema amerudi kutoka shuleni Arua. Alipita mtaa wa Mudzipela kwa kijana anayewajazia watu filamu kwenye flash, na katika zile za zamani alizojaziwa, nikaiona ile ya sanduku. Nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia Neema akae chini, filamu hii ninaijua kwa moyo, nitamtafsiria mimi. Nikaanza, Baba, na nilikuwa natumia sauti yako. Mwanamke wa nguo ya kumetameta akatokea, nikasema, "Ule ni dada yake."

Neema akaniangalia kwanza, kuona kama natania. "Mama, ule haiko dada yake. Ule iko deuxième bureau, mwanamuke ya inje. Na sasa bibi yake njo anamuambia: weye na ule mukae, miye naenda, sitarudia hapa."

Nilicheka kweli. Nilikuona pale kwenye kiti chako ukitupiga chenga mchana kweupe, nikacheka na kupiga makofi. Kisha nikakumbuka shangazi wa Nizi, na kicheko kikanikauka.

Alifika kwenye matanga yako kwa pikipiki, na wasichana wawili wenye paji la uso kama lako. Wazee wa ukoo walituambia huyo ni dada yako wa upande wa mbali, ndiye aliyekuwa anakupikia ukiwa safarini. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Faustin ana diploma yake ukutani. Tukakubali bila swali hata moja, tena tukasema angalia jinsi damu ya ukoo wetu ilivyo na nguvu, mapaji ya uso yote ni mamoja. Ulikuwa umetufundisha vizuri. Mama alimpa mkeka, akampa blanketi, akampakulia chakula kwa mkono wake. Tangu hapo tukawa tunampigia simu kila sikukuu na kumwita shangazi.

Na mwezi huu huu shangazi alikuwa ametuma neno. Kwao hakujatulia, wasichana wanakosa masomo, anaomba waje wakae kwetu Bunia, naye awafuate. Faustin alikuwa ameshajibu kwamba ni furaha, shangazi hawezi kukosa chumba katika nyumba ya kaka yake. Chumba chenyewe ni kile kinachogusana ukuta na cha Mama. Hebu fikiria, Baba. Mjane wako angekuwa anamwamkia kila asubuhi, anampikia chai, na sisi tunaita hiyo heshima ya ukoo.

Nilimwendea Faustin nikamwambia yote. Akakutetea. "Muzee alikuwa analinda batoto," akasema. Filamu zile hazikuwa za watoto, na mzazi yeyote angefanya hivyo. Tena akaomba tufunge midomo, Mama amezeeka, hajui kitu, tukimwambia tutamuua bure.

Alikuwa analinda nani? Damu ulitutafsiria tone kwa tone. Yule mtu aliyekatwa kichwa msituni ulitueleza hata kisu kilikuwa cha namna gani, na Faustin alikojoa kitandani wiki nzima. Majini ulitutafsiria, sumu ulitutafsiria, mtoto aliyetupwa mtoni ulitutafsiria na tukalia. Katika filamu zote hizo kitu kimoja tu kilikuwa hakifai masikio yetu, nacho ni mwanaume aliye na nyumba mbili. Huo haukuwa ulinzi wa watoto. Ulikuwa unajilinda wewe, na ulitutumia sisi kama ukuta.

Jumapili baada ya misa nilimkuta Mama amekaa uani. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, ya kuzunguka zunguka, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Aliniacha nizunguke mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Ni ile filamu ya valizi?" Nikasema ndiyo, ile ya sanduku. Akaanza kuyasema maneno ya yule mke, yote, kwa Kiingereza, taratibu, bila kukwama, akiwa bado anachambua mchele.

"Mama, unasikiaka Kiingereza?"

"Nilisoma Paidha mpaka la sita. Mulizania kule kwa shangazi yangu nilikuwa nachunga mbuzi tu?"

Tulijua alilelewa ng'ambo ya mpaka. Hatukuwahi kuuliza alifanya nini huko. Na wewe, ndivyo alivyoniambia, ulikuwa kijana wa kubeba mizigo ulipomkuta, huwezi hata kuuliza bei ya chumvi kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyekufundisha. Kuhesabu, kusalimia, kuomba wapunguze. Arua ulikwenda baadaye, ukiwa tayari na maneno aliyokupa. Kwa hiyo Kiingereza ulichotutafsiria miaka yote ile, kile ulichomchekea nacho mbele ya watoto wake, kilitoka kinywani mwake.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia ukweli.

"Nilisema. Kila filamu nilikuwa nasema. Baba yenu alikuwa anasikia."

Hapo ndipo nilipokuona vizuri, Baba, na sikupenda nilichokiona. Mlikuwa mnagombana mbele yetu. Wewe unasema ni dada, yeye anasema huyu dada namuona kila mara. Wewe unasema anakwenda kusalimia, yeye anasema amekawia. Sisi katikati tunakula karanga na kudhani ni filamu. Kila alipokujibu ulijua amejibu nini, na kila mara ulitugeuza sisi tumcheke. Sikuchukii kwa mwanamke wa Nizi. Wanaume wengi wa hapa wana Nizi yao. Nakuchukia, kama neno hilo linaruhusiwa kwa baba, kwa kile kicheko.

Nilimwambia Mama nitampigia simu yule mwanamke siku hiyo hiyo, nimwambie asithubutu kukanyaga Rwambuzi, yeye na wanawe. Mama akaweka ungo chini.

"Batoto bakuye," akasema, yaani waje. "Batoto hawakufanya kitu. Mama yao atafute nyumba yake, miye siko mutakatifu. Na siku batafika, bataitwa batoto ya bwana yangu, mbele ya batu bote. Sitaki tena mutu ananitafsiria mambo."

Nilimpelekea Faustin maneno hayo. Yeye ndiye aliyepiga simu Nizi. Anasema mwanamke alijibu kwamba amesikia na anakubali. Ana rafiki Mudzipela, atapanga huko.

Walikuja Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkali, nilikuwa nimevaa hata ile nguo yangu ya kusimamia mitihani. Mwanamke alishuka kwenye pikipiki nje ya lango, akapiga goti kumsalimia Mama, Mama akaitikia salamu na hakuongeza neno, na pikipiki ikaondoka naye. Wasichana wakabaki na mabegi yao. Mama aliwaita majirani wawili waliokuwa wanachungulia juu ya ua, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hawa ni watoto wa mume wake, wametoka Nizi, watakaa hapa. Majirani waliangalia chini. Mimi nilichukua begi moja, Neema akachukua jingine.

Tulipoingia sebuleni, yule mdogo aliiona picha yako ukutani, ile ya koti. Uso wake ukafunguka. "Baba," akasema. Mara akashtuka, akamgeukia dada yake, akajirekebisha haraka haraka: "Mujomba."

Hakuna aliyecheka. Yule mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alikwenda akakaa kwenye kigoda, akamvuta yule mdogo mbele yake.

"Kwenu mulikuwa munamuitaka nani?"

"Baba," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Lakini mbele ya batu, mujomba."

"Hapa ni kwenu," Mama akamwambia.

Mtoto alirudia kuiangalia picha na akasema tena, safari hii bila kugeuka. Mimi nilitoka nje kulia, na sikulia kwa ajili yako. Sisi ulitudanganya tukicheka. Yeye ulimpa kazi yako, Baba, ukamfundisha kubadilisha neno watu wakiwepo, kabla hajajua hata kusoma. Hilo ndilo siwezi kukuachia, na usifikiri kufa kwako kunalifuta.

Sikukuu ya wafu tutakuja kupalilia kaburi lako. Tutakuja wote, na Mama mbele, na kila mmoja atakuita kwa jina lililo lako kwake. Mimi nitakuwa bado nimenuna, ila jembe nitashika. Lala huko ulipo, na kama kuna mtu anakuuliza habari zetu, mwambie kweli.

Ni mimi,
mkubwa wa watoto wako wanne.