Kapu Lisiloulizwa

Kwa wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Tumbo limetulia? Presha unaipima kila wiki kama daktari alivyoagiza, au unampima daktari mwenyewe kwa ubishi wako? Na goti la kushoto, bado linakutabiria mvua? Sisi huku ni wazima wa kutembea. Nasema wa kutembea kwa sababu upo uzima mwingine ambao nyumba hii haijauona tangu ulipoondoka, na sasa ni miezi minane.

Najua utaishangaa barua zama hizi za simu. Simu zetu hupokei, na namba ya mdogo wako umeifunga kabisa. Sikulaumu. Barua hii nimempa mama mmoja niliyemshonea mapazia ya sebuleni, anasafiri kuja huko kwenu, na ameniahidi kuitia mkononi mwako. Ukiutambua mwandiko wangu ukataka kuichana, nakuomba uichane baada ya kuisoma. Haki ya kuichana unayo, lakini anayeumia humu si mimi.

Nianze na habari za mdogo wako, maana najua ndizo unazozitaka hata kama umeapa huzitaki. Kazi anayo. Wiki hii wanapaka rangi jengo la ghorofa nne, na anarudi saa tisa na madoa meupe kwenye nyusi, ananawa kwa mafuta ya taa, anabadili shati. Zamani hapo ndipo angeingia jikoni na kuanza kugongagonga masufuria. Sasa anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anakata mkate, anakunywa chai. Nikipika anakula, ila anakula kama mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa, na akimaliza ananishukuru. Wifi, mume wangu hakuwahi kunishukuru kwa chakula miaka kumi na tisa. Sisi tulikuwa tukigombana juu ya chumvi. Amepungua mpaka mkanda wake ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Simu ya mtu yeyote ikilia, hata ya jirani ng'ambo ya ukuta, huinua kichwa.

Sina hakika kama uliwahi kuelezwa habari za kapu letu, kwa hiyo nivumilie. Tulipooana, hakuna kati yetu aliyejua kupika kwa vipimo. Yeye alikuwa na mkono uliompa wewe. Ulimlea tangu ana miaka sita, mama yenu alipofariki, na husimulia mpaka leo jinsi ulivyokuwa ukifungua kabati tupu, ukakuna kichwa, na baada ya saa moja watu wanakula na kushiba. Basi tukajitungia mchezo. Mimi nikipita sokoni natia nilichopata kwenye kapu linaloning'inia dirishani jikoni. Yeye anapika. Haruhusiwi kuuliza, wala haruhusiwi kubakiza kitu. Kilichomo kapuni ni cha chunguni, ndivyo tulivyosema, na sheria hiyo haikuvunjwa hata siku moja. Niliwahi kumwekea nusu kabichi, mayai mawili na chungwa, tukala kabichi ya kukaanga iliyokamuliwa chungwa, na ilikuwa tamu, usinicheke. Niliwahi kumwekea mshumaa, kwa uchokozi tu. Hakuuliza. Alipika dengu, akauwasha ule mshumaa katikati ya meza, tukala tukitazamana kama wachumba.

Upande wangu ulikuwa maua. Kila ndoo ya rangi inayoisha kazini kwake huja nyumbani, naitoboa chini, naijaza udongo. Uliyaona mwenyewe: mawaridi kando ya ukuta, na kule nyuma karibu na tangi la maji yale mayungiyungi mekundu yenye shingo ndefu. Hayo huota kutoka kwenye vitunguu vyake, si vya kuliwa, lakini ukivitoa udongo na ganda la juu vinafanana mno na vya sokoni. Hata mimi niliyevipanda huvinusa kwanza.

Sasa twende kwenye siku zile ulizokuwa kwetu. Siku ya pili ulisimama uani ukaniambia maua hayaliwi. Ukaongeza kwamba mdogo wako amekonda, na kwamba haifai mwanamume ashuke kwenye ngazi ya kazi apande jikoni, huku mkewe anamwagilia mapambo. Ulisema ukicheka. Mawifi hutaniana, hilo nalijua, na mimi nilicheka pia. Lakini moyoni nilinuna, tena nilinuna vibaya. Kilichonichoma zaidi ni kwamba mume wangu alikuwa pale pale, akasikia, akatazama viatu vyake. Tangu hapo sikumsemesha. Mbele yako nilijitia shughuli nyingi ili usigundue.

Asubuhi ya siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika, na ndoo za mayungiyungi zilikuwa zimefurika. Vitunguu vilianza kuoza. Nikaving'oa, nikaviosha, nikavimenya maganda yaliyolainika, vikabaki vinane, safi kabisa. Vilitaka upepo vikauke. Kibanda cha uani kinavuja. Mahali penye upepo wa kutosha nyumba nzima ni dirisha la jikoni, na dirishani lipo kapu. Nikavitia humo, maganda nikayatupa kwenye ndoo ya taka. Lilikuwa ni neno moja tu nimwambie, kwamba vile si vya kupika. Alikuwa mezani anakunywa chai, mgongo wake hatua tatu kutoka nilipo. Nikaona nikifungua mdomo mimi wa kwanza nitakuwa nimeshindwa. Nikachukua mwavuli, nikaenda zangu kushona mapazia ya watu.

Yeye hakwenda kazini, maana ukuta mbichi haushiki rangi, akaamua siku nzima iwe ya kukupikia wewe. Hilo utalikumbuka, ulikaa naye jikoni mkikumbushana ya utotoni. Alikuta kapu lina vitunguu, na sheria ni sheria. Alivikaanga mpaka vikabadilika rangi, akatia boga na dengu, ikawa supu. Niliporudi mlikuwa mezani mnanisubiri. Nilikunywa kijiko kimoja. Supu ilikuwa chungu na ikaniwasha ulimi. Nikakutazama. Ulikunja uso kidogo tu, kisha ukaendelea, kijiko baada ya kijiko, ukamwambia mdogo wako kwamba mkono haujampotea, na ukaomba akuongezee. Ulikuwa unaimeza kwa mapenzi, hata kipofu angeliona hilo. Mimi nilisema kichwa kinaniuma nikaweka kijiko chini. Na nitakwambia nilichohisi, kwa kuwa nimekusudia nisifiche kitu: nilifurahi. Nilidhani ni boga bovu, nikajisemea moyoni kwamba haya sasa, na ale matunda ya malezi yake.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana uliyabeba wewe. Kutapika, mate kukutoka, miguu kukosa nguvu hadi tukakubeba ndani ya shuka kuingia garini mwa jirani. Yeye naye alitapika, ila alikuwa amekula kidogo kwa kuwa alikuwa akikuhudumia. Hospitali daktari aliuliza tumekula nini. Mume wangu alitaja kila kitu, mwisho akasema labda ni boga, alilinunua limeshakatwa na hakuliangalia vizuri. Mimi nilisimama karibu na mlango nimeshika mkoba wako. Sikusema neno. Kesho yake, ukiwa na dripu mkononi, ulimuuliza kama ulimlea ili aje akuue. Alikushika mguu juu ya blanketi tu. Ulipopata ruhusa ulipitia kwetu kuchukua begi, hukukaa, ukaondoka, na tangu siku hiyo ndugu yako wa pekee amekuwa mtu asiye na dada.

Vitunguu vile vilikuwa vyangu, wifi. Hakuna boga bovu lililoingia nyumba hii. Mpaka hapa bila shaka umeshalijua hilo, na ningeweza kuishia hapo nikaomba msamaha wa bahati mbaya. Ndivyo nilivyokusudia nilipoanza kuandika. Karatasi mbili nimezichana kwa sababu ziliishia hapo.

Mwezi uliopita nilimwambia mume wangu. Tulikuwa tunahamisha ndoo uani, nikashindwa kuendelea, nikasema yote nikiwa nimeinama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwamba alijua. Alijua tangu siku ile ile. Alirudi nyumbani kukuchukulia nguo, akaona maganda kwenye ndoo ya taka yakiwa bado na udongo wa uani, akakimbia hospitali akamvuta daktari pembeni, akamwambia ni vitunguu vya maua na kwamba amevipika yeye. Ndiyo maana siku ya pili ulibadilishiwa dawa ukaanza kupata nafuu. Nikamuuliza kwa nini alikubali lawama yote imwangukie yeye. Akasema dada akimkasirikia ndugu, hasira huisha, damu haikatwi kwa kisu. Lakini akimkasirikia wifi, hapo hakuna wa kuwapatanisha, na yeye atabaki katikati maisha yake yote. Alihesabu kwamba wewe utanuna wiki moja, mbili ikizidi sana. Alikuwa na uhakika na wewe kuliko alivyokuwa na uhakika na mimi.

Halafu akaniuliza swali moja. Aliuliza kama nilipoweka kijiko chini nilikuwa najua. Nikamwambia hapana, na hiyo ni kweli. Lakini niliona siwezi kumdanganya tena, nikamwambia lililobaki, na ndilo ninalokuandikia wewe leo. Baada ya kula nilikusanya sahani nikaenda nazo jikoni. Nikainua macho, nikaona kapu tupu. Nilijua hapo hapo. Wewe ulikuwa sebuleni unacheka, hujaanza hata kushika tumbo. Ningeweza kutoka nikasema. Ungenywa maji, ungetapishwa, tungewahi. Badala yake nilifungua bomba nikaosha sahani, moja moja, nikasuuza, nikapanga, nikijiambia huenda havina madhara, huenda kukaangwa kumeiua sumu yake, na nikisema nitaaibika mbele yako wewe, siku moja tu baada ya kuniambia maua hayaliwi. Niliosha sufuria mpaka ikang'aa. Nilikuwa nafuta kaunta nilipokusikia unaita.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nusu saa nzima nilificha aibu yangu kwa roho yako. Sikutaka ufe, Mungu anajua, lakini sikutaka kushindwa, na siku ile nilishindwa kutofautisha hayo mawili.

Mume wangu aliposikia hilo hakupaza sauti. Alimalizia kuhamisha ndoo zilizobaki peke yake. Tangu hapo ananisemesha vizuri, ananiuliza nimeshindaje, ananifungulia geti nikirudi na vitambaa. Ila kulikuwa na jina la utani alilonipa wiki tuliyooana, sitaliandika hapa, na jina hilo sijalisikia tena. Mayungiyungi nimeyang'oa yote. Mawaridi anayamwagilia yeye, mimi sitamani kuyagusa. Kama tutaendelea kuishi pamoja au la, sijui, na sikuandikii ili uniombee kwake.

Nakuandikia kwa sababu hasira yako imefika mlango usio wake. Uliyemlea alikuokoa mara mbili, mara ya kwanza kwa daktari, mara ya pili kwa kukuachia ndugu wa kumkasirikia badala ya muuaji wa kumchukia. Kaa na hasira zako, sikuombi uziache, ila zielekeze kwangu. Nisikie kutoka kwako tusi lolote, nitalipokea nimesimama. Na ukitaka kuja kumwona, nitumie ujumbe wa siku tu. Nitakwenda kukaa kwa mama yangu muda wowote utakaokuwepo, utamkuta ndugu yako peke yake, na hakuna mkono wangu utakaogusa chakula chenu.

Nisalimie watoto wa huko na mzee wenu, na jirani yako yule mpenda habari mwambie nimeulizia afya yake. Desturi ni kumalizia kwa kusema mume wangu naye anakusalimu sana. Leo siwezi kuliandika hilo, kwa kuwa hajui kwamba nimekuandikia. Ninachokijua ni kwamba kila nikirudi kazini, kabla hata sijavua viatu, huniuliza kama kwa bahati yoyote kuna salamu kutoka kwako. Miezi minane namjibu kuwa hakuna, naye hunijibu sawa, na kurudi kwenye kiti chake.

Nisaidie nimjibu vingine.

Ni mimi wifi yako,
mke wa mdogo wako.